Somo la Rangi za Hatari

Ndugu msomaji, leo tutajifunza kutambua rangi na picha zinazowekwa juu ya vitu vyenye hatari: sumu, vitu vya kuwaka moto, na maji makali yanayokula mwili.

Usiseme, “Mimi sijui kusoma, somo hili si langu.” Somo hili ni lako hasa. Rangi ziliwekwa kwa ajili ya mtu asiyejua kusoma, na pia kwa ajili ya mtu asomaye Kiswahili na Kifaransa lakini ameuziwa chupa iliyoandikwa kwa Kichina. Wala usiseme, “Mimi si mtu wa kiwanda.” Tazama nyumbani mwako. Kuna mafuta ya taa. Kuna dawa ya kuua wadudu wa nyanya. Labda kuna dawa ya panya, na Javel ya kufulia, na maji ya betri ya gari. Hivi vyote ni vitu vya hatari, na mara nyingi vinakaa karibu na chungu cha sombe.

1. RANGI NI MJUMBE TU

Fikiri juu ya mjumbe aliyetumwa kijijini kusema, “Mto umejaa, msivuke leo.” Watu wakimfukuza mjumbe huyo, je, maji ya mto yatapungua? Hapana. Mjumbe ameondoka, lakini mto ungali umejaa. Rangi ya hatari ni mjumbe wa namna hiyo. Yeye si sumu. Yeye anatangaza sumu. Ukimwondoa, sumu inabaki pale pale, nawe umebaki bila wa kukuonya.

Watu wa nchi ya Iraki walijifunza neno hili kwa machozi. Mwaka 1971 serikali yao ilileta kutoka ng'ambo zaidi ya tani 90,000 za ngano na shayiri. Zilikuwa mbegu za kupanda, si chakula. Zilikuwa zimepakwa dawa yenye zebaki ili zisiharibiwe na ukungu udongoni. Kwa kuwa dawa hiyo ni sumu, mbegu zilitiwa rangi nyekundu kusudi mtu asizile. Magunia nayo yalikuwa na maonyo, lakini yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza, lugha ambazo wakulima wale hawakuzijua. Tena katika sehemu nyingi magunia yalifika wakati wa kupanda umekwisha kupita, na chakula nyumbani kilikuwa kidogo.

Basi watu walifanya nini? Wengine waliosha mbegu kwa maji. Rangi nyekundu ikatoka, nao wakaona ya kuwa sumu imetoka pamoja nayo. Wengine waliwapa kuku na wanyama kwanza, wakangoja siku chache. Kuku hawakufa. Ndipo wakasaga unga, wakaoka mikate, wakawalisha watoto wao. Lakini sumu ile ya zebaki haina haraka. Hukaa mwilini majuma mengi kabla ya kujionyesha. Kisha vidole vikafa ganzi. Watu wakaanza kupepesuka kama walevi. Wengine wakapoteza kuona na kusikia. Watoto waliokuwa tumboni mwa mama zao walizaliwa wakiwa na ubongo ulioharibika. Wagonjwa 6,530 waliingizwa hospitalini, na 459 kati yao walikufa humo.

Walimwosha mjumbe, sumu ikabaki.

Kwa hiyo shika neno hili: mbegu iliyotiwa rangi ni ya udongo, si ya tumbo. Ukiona mahindi au maharagwe ya mbegu yana rangi nyekundu, au waridi, au buluu, au kijani ambayo si rangi yao ya asili, usiyaoshe ili uyale. Usiwape kuku. Usiyauze sokoni kama chakula. Na gunia lake usilitumie kubebea unga.

2. MSTARI WA RANGI JUU YA DAWA ZA SHAMBA

Chukua chupa au kopo la dawa ya shamba. Tazama etiketi, yaani karatasi iliyobandikwa juu yake. Katika nchi nyingi etiketi hiyo ina mstari mpana wa rangi upande wa chini. Rangi hiyo inaonyesha ukali wa sumu iliyomo. Rangi ni nne.

NYEKUNDU: Sumu kali sana. Kidogo tu chaweza kuua mtu mzima. Dawa hii si ya mtu wa kawaida kuichezea. Isikae kamwe katika nyumba yenye watoto.

MANJANO: Sumu yenye nguvu. Usidanganywe kwa sababu si nyekundu. Kuna dawa ya kuua magugu iitwayo parakwati. Katika mpango huu iko daraja la manjano, lakini mtu akimeza kinywa kimoja tu cha ile isiyochanganywa na maji, aweza kufa, na mara nyingi hufa baada ya siku kadhaa, mapafu yake yakiwa yameharibika.

BULUU: Sumu yenye nguvu kidogo. Lakini bado ni sumu. Yataka uangalifu.

KIJANI: Hatari yake ni ndogo kama ukiitumia jinsi ulivyoagizwa. Watu wengi hukosea hapa. Wanasema, “Kijani ni rangi ya majani, basi dawa hii ni salama, hata mtoto aweza kuishika.” Si hivyo. Kijani haisemi, “Kunywa.” Kijani husema, “Mimi ni mdogo kati ya ndugu zangu wabaya.”

Ndani ya mstari huo wa rangi utaona pia picha ndogo. Glavu: vaa glavu. Viatu virefu: usiende shambani miguu mitupu. Mikono chini ya bomba la maji: nawa baada ya kazi. Mtoto na kufuli: funga dawa mahali ambapo mtoto hafiki. Picha hizi hazikuwekwa kwa uzuri. Kila moja ni amri.

3. PICHA NDANI YA MRABA MWEKUNDU

Juu ya vitu vingine utaona alama ya namna nyingine. Ni mraba uliosimama juu ya pembe yake, una ukingo mwekundu, ndani ni mweupe, na katikati kuna picha nyeusi. Alama hizi ni za mpango wa Umoja wa Mataifa uliotangazwa mwaka 2003, ili mtu wa Bukavu na mtu wa Ubelgiji waone picha moja na kuelewa neno moja. Picha zote ni tisa. Anza na hizi tano.

Fuvu la kichwa na mifupa miwili: sumu inayoweza kuua upesi, ukiila, ukiivuta kwa pumzi, au ikigusa ngozi.

Ulimi wa moto: kitu kinachowaka. Kiweke mbali na jiko, na taa, na sigara.

Maji yanayodondoka juu ya mkono na juu ya chuma: kitu kinachokula mwili na kupofusha macho. Maji ya betri yako hapa.

Mtu mwenye nyota kifuani: kitu kinachoharibu mwili polepole, kama mapafu, au ini, au uzazi. Leo hutasikia kitu, lakini baada ya miaka utalia.

Alama ya mshangao, yaani kijiti chenye nukta chini yake: kitu kinachowasha ngozi au macho, au chenye madhara ukikimeza. Jihadhari.

4. CHUPA ISIYO NA MJUMBE

Sasa tufike kwenye kosa linalofanyika katika vijiji vyetu na miji yetu kila siku. Mfanyabiashara ananunua dawa ya wadudu katika bidoni kubwa yenye mstari mwekundu. Kisha anaigawa katika chupa ndogo za limonadi, kwa sababu wanunuzi hawana fedha za kununua bidoni nzima. Mstari mwekundu unabaki dukani. Sumu inakwenda nyumbani peke yake, imevaa nguo za limonadi.

Mtoto wa miaka mitatu hajui dawa ya wadudu. Lakini anaijua chupa ya limonadi. Alinunuliwa siku ya sikukuu, akafurahi. Akiiona chini ya kitanda, atafanya nini? Mama, usimpige mtoto huyo. Yeye hakukosa. Yeye alimwamini mjumbe aliyemwona. Ni sisi watu wazima tuliomtuma mjumbe wa uongo.

Vivyo hivyo maji ya betri katika chupa ya maji ya kunywa. Hayana rangi, ni maangavu kama maji ya chemchemi. Mtu anatoka shambani na kiu kali, gizani anashika chupa, anakunywa. Koo lake linaungua mpaka tumboni.

Basi shikeni sheria hizi:

Usimimine kamwe sumu, wala mafuta ya taa, wala Javel, wala maji ya betri katika chombo cha chakula au cha kinywaji.

Usinunue dawa isiyo na etiketi. Kama wewe na jirani zako hamna fedha za kutosha, changeni mnunue chombo kimoja kilichofungwa, mkitumie pamoja.

Usiondoe etiketi. Ikianza kuchakaa, izungushie karatasi ya plastiki.

Bidoni iliyokuwa na sumu usiitumie kuchotea maji, hata ukiiosha mara kumi. Plastiki imekwisha kunywa sumu. Isuuze mara tatu, mimina maji hayo ndani ya pampu ya kupigia dawa, kisha itoboe ili mtu mwingine asiiokote. Usiichome moto, kwa maana moshi wake ni mbaya.

5. RANGI ZA NJIANI

Kamioni zinazobeba vitu vya hatari nazo huwekwa alama, mraba uliosimama juu ya pembe yake, lakini hapa mraba wote hutiwa rangi. Nyekundu yenye moto ni vitu vya kuwaka, kama esanse na mazutu. Rangi ya machungwa ni vitu vya kulipuka, kama baruti ya migodi. Nyeupe yenye fuvu ni sumu. Nyeupe juu na nyeusi chini, yenye picha ya maji yakidondoka juu ya mkono, ni asidi. Manjano yenye moto juu ya duara ni vitu vinavyoongezea moto nguvu. Buluu yenye moto ni vitu vinavyotoa hewa ya kuwaka vikiguswa na maji. Kijani yenye chupa ya gesi ni hewa iliyoshindiliwa, nayo yaweza kupasua chombo chake ikipata joto.

Angalia hapa. Buluu ya chupa ya dawa na buluu ya kamioni hazisemi neno moja. Kijani nayo vivyo hivyo. Kwa hiyo usitazame rangi peke yake. Tazama rangi na picha pamoja, kama unavyotazama uso wa mtu na kusikia sauti yake.

Tena waweza kuona kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbele au nyuma ya kamioni. Namba ya chini ni jina la mzigo: 1203 ni esanse, 1202 ni mazutu, 1223 ni mafuta ya taa. Ukiona ajali, zisome namba hizo kwa mbali na uwaambie polisi au wazima moto. Umewasaidia sana.

Katika nchi yetu barabara za Katanga hupitisha asidi nyingi ya salfuri, kwa ajili ya migodi ya shaba na kobalti. Mwezi wa Februari 2019, katika jimbo la Lualaba, kamioni iliyobeba asidi hiyo iligongana na magari mengine. Watu wapatao 20 walikufa. Asidi ikimwagika njiani, usikanyage, usiende kuokota vitu vilivyoanguka, wala usiuendee mvuke wake.

Lakini msiba mkubwa zaidi ni ule wa Sange, kijiji kilicho katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya Uvira na Bukavu. Jioni ya tarehe 2 Julai 2010, kamioni yenye tangi la mafuta ilipinduka pale. Mafuta yakaanza kumwagika. Watu wakaja na ndoo, na sufuria, na bidoni, ili wachote. Wengine walikuwa karibu, wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Kisha moto ukashika. Ulikimbia kuliko watu. Ukawapata waliochota, ukawapata waliotazama tu, ukaingia katika nyumba. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi wengine waliletwa hospitalini wameungua.

Tusiwahukumu watu wa Sange. Mtu maskini akiona mafuta yanamwagika, anaona chumvi, na sabuni, na karo ya shule. Lakini tujifunze kwao. Esanse ina mvuke usioonekana. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama nyoka, huenda mbali na tangi. Hauhitaji moto mkubwa. Sigara yatosha, na jiko la jirani, na mashine ya pikipiki, na chuma kikigonga jiwe. Anayechota hasimami kando ya moto unaokuja. Anasimama ndani ya kuni zake.

Basi ukiona kamioni ya mafuta imeanguka, usiikaribie. Waite watoto. Nenda upande unakotoka upepo, walau mita 300. Kama tangi linawaka, nenda mita 800 au zaidi. Zimeni majiko ya nyumba za karibu kama nafasi ipo, msipowasikia mvuke. Kama mvuke umekwisha kufika, ondokeni tu.

6. RANGI ZA HOSPITALINI

Hata humu hospitalini wajumbe wako. Sanduku la manjano ni la sindano zilizotumika. Mtoto wako asitie mkono humo, wala asiokote sindano kuwa mchezo. Mfuko wa manjano una takataka zenye damu na magonjwa. Na mlangoni pa chumba cha kupiga picha za mwili kuna alama ya manjano yenye mabawa matatu meusi. Maana yake, humu mna mionzi isiyoonekana. Usiingie mpaka uitwe. Kama una mimba, mwambie mwuguzi kabla ya kupigwa picha.

7. KAMA MTU AMEKWISHA KUPATWA

Akimeza sumu, au mafuta ya taa, au maji makali: usimtapishe. Kitu kilichochoma koo wakati wa kushuka kitalichoma tena wakati wa kupanda, na mafuta ya taa huingia mapafuni mtu akitapika. Usimpe mafuta ya mawese wala chumvi. Msukutue kinywa, kisha mlete upesi.

Ikimgusa ngozi: mvue nguo zilizolowa, mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Wewe usiiguse sumu kwa mikono mitupu.

Ikiingia machoni: osha kwa maji safi yanayotiririka, walau dakika 15, ukiwa umefungua kope. Usiache kwa sababu analia.

Akiungua kwa moto: mwagia maji safi ya baridi dakika 20. Usipake mafuta, wala asali, wala dawa ya meno.

Kama alikuwa anapiga dawa shambani, kisha anatoka jasho na mate mengi, macho yanaona ukungu, anatetemeka na pumzi inakuwa ngumu, usimwache alale nyumbani. Hiyo si malaria. Mlete saa ile ile.

Na katika mambo haya yote: lete chupa pamoja na mgonjwa. Lete kopo, lete etiketi, hata iliyochanika. Daktari akiujua mstari wa rangi na jina la sumu, atajua dawa ya kuanza nayo. Asipojua, anatafuta gizani, na dakika zinapita. Siku hiyo utafahamu kwa nini tulikuambia usimfukuze mjumbe.

MASWALI

1. Kwa nini kuosha mbegu nyekundu hakukuwaokoa watu wa Iraki?
2. Kuku kutokufa upesi kunathibitisha ya kuwa chakula ni salama? Kwa nini?
3. Taja rangi nne za dawa za shamba, toka iliyo kali mpaka iliyo ndogo.
4. Kwa nini hatutii sumu katika chupa ya limonadi?
5. Utafanya nini ukiona kamioni ya mafuta imepinduka?
6. Ni kitu gani utakileta hospitalini pamoja na mgonjwa aliyemeza sumu?

KAZI YA LEO

Ukirudi nyumbani, kabla hujala, tafuta chini ya kitanda, na nyuma ya mlango, na juu ya ukuta wa jiko. Kila chupa isiyo na etiketi, iliyo na kitu usichokijua, isilale tena mahali ambapo mtoto anafika. Kisha waite watoto, uwaonyeshe rangi na fuvu la kichwa katika kitabu hiki. Mtoto asiyejua bado kusoma jina lake aweza kujua fuvu. Mfundishe leo.